Nilipanga miezi mitatu

Jana usiku, hapa Umoja, Nairobi, nimemaliza kuhariri filamu yangu ya wakulima. Oktoba 2021 nilijipa miezi mitatu tu: mama mmoja mkulima apande mahindi na mbaazi, mvua inyeshe, avune, gunia lifike soko la Marikiti. Basi.

Mvua ikakataa. Misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi ya 2022, sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya haikupata mvua ya kutosha, na mimi, tangu hiyo Oktoba, kila Ijumaa nilikuwa kwenye matatu ya Machakos, kamera mapajani, naenda kurekodi vumbi. Siku moja mama alifukua mbegu kwa kidole, akaniwekea kiganjani. Ganda tupu. Mchwa walikuwa wamekula ndani yote. "Piga picha hiyo, mwanangu," akaniambia. "Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwaka huu." Nilipiga, kisha nikaenda kulia nyuma ya ghala.

Pesa zikaisha. Nikauza lenzi. Mwenzangu wa sauti akapata kazi kwingine, na sikumlaumu, ana watoto.

Halafu Aprili 2024 mvua ikaja kwa fujo, Nairobi ikafurika, nami nikashindwa kusafiri wakati mahindi yake yamefika kiunoni! Mjukuu wake akayarekodi kwa simu. Picha zinatetemeka, sauti ni ya mvua kwenye mabati, na katika filamu nzima hakuna ninachokipenda kuliko hizo dakika mbili.

Jumamosi nampelekea aione yeye kwanza.