Nilivyobaini kuwa mwenye simu siye aliyetuma linki

Mimi huchunguza ushahidi ulio kwenye simu na kompyuta, na kazi hii ilinifikia ikiwa na mshitakiwa tayari. Mfanyakazi mmoja alidaiwa kusambaza linki ya ulaghai kwenye magrupu ya WhatsApp ya ofisini kwao, wenzake wakaifungua na kujaza taarifa zao za benki, na barua ya kumsimamisha kazi ilishaandikwa, bado kusainiwa tu. Yeye aliapa kwamba hajatuma kitu. Simu yake ukiifungua, ujumbe huo haumo. Kwa uongozi hilo lilikuwa kosa la pili: katuma, halafu kafuta. Mimi nikaitwa nithibitishe kwamba kafuta.

Nilikubali kuchunguza, ila si kuthibitisha jibu ambalo uongozi ulishalipata.

Fundi wa kompyuta wa pale alikuwa na haraka ya kuingia kwenye sehemu ya WhatsApp ya vifaa vilivyounganishwa, yaani kompyuta au vivinjari vinavyotumia akaunti ileile, na kuondoa kila alichokikuta. Kiusalama hakukosea. Lakini kuondoa kifaa ni kufuta pia kumbukumbu zake, kwa hiyo tulielewana hivi: wasimamizi wa magrupu waitoe kwanza namba ya mshitakiwa, mimi nipige picha ya orodha kwa kamera ya pembeni, kisha simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni na kuingizwa ndani ya mfuko wa Faraday, ule unaozuia mawimbi ya mtandao, ili mtu wa mbali asiendelee kuigusa. Kuondoa kifaa kungefuata baada ya data kutolewa. Kwenye orodha kulikuwa na kivinjari kimoja ambacho mwenyewe hakukitambua.

Nilikataza pia simu isizimwe. Wengi huzima wakidhani ndiyo kulinda ushahidi, kumbe simu za siku hizi husimba data zake, na sehemu kubwa haisomeki mpaka mwenyewe aweke PIN baada ya kuwasha. Hapa mwenyewe alitoa PIN na kusaini ridhaa, kwa hiyo niliweza kutoa mfumo mzima wa faili. Nikapiga heshi ya SHA-256, ile alama ya herufi na tarakimu 64 ambayo hubadilika kabisa hata ukigusa baiti moja, nikaiandika kwenye fomu ya makabidhiano, na tangu hapo nikafanya kazi kwenye nakala tu.

Kwenye Android, mazungumzo ya WhatsApp hukaa kwenye kanzidata, yaani faili la data lililopangwa kwa majedwali, ya mfumo wa SQLite, iitwayo msgstore.db. Pembeni yake kuna faili lenye mkia wa -wal, ambalo watu hulipuuza kwa sababu halifunguki kwa kulibofya. Humo ndimo mabadiliko mapya huandikwa kabla ya kuhamishiwa kwenye kanzidata yenyewe, na hata yakishahamishwa, kurasa za zamani hubaki mpaka zifunikwe na nyingine. Ukiifungua kanzidata kwa programu ya kawaida na kuifunga, SQLite yenyewe itaunganisha mafaili hayo na kulifuta la pembeni. Yaani mchunguzi mwenye papara anaweza kuharibu ushahidi kwa kuutazama tu. Nililisoma -wal peke yake, ukurasa kwa ukurasa, na ujumbe uliofutwa ukajitokeza: maneno yake, linki yake, alama ya kwamba umetoka kwenye akaunti hii, muda wake, na utambulisho wake.

Mpaka hapo uongozi ulikuwa umeshinda. Ujumbe ulitumwa kutoka kwenye akaunti yake, na ukafutwa.

Ila tazama huo utambulisho. Kila ujumbe wa WhatsApp una namba yake ya heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F), iliyo kwenye safu ya key_id. Ujumbe alioandika bwana huyu kwa simu yake ya Android ulikuwa na utambulisho wa herufi 32 zisizo na mpangilio maalumu. Ule wa linki ulianza na 3EB0, mwanzo ambao wachunguzi tumezoea kuuona kwenye ujumbe uliotoka WhatsApp ya kivinjari. Nikashuka kwenye mazungumzo yake yote ya nyuma: hakuna hata ujumbe wake mmoja uliowahi kuanza hivyo kabla ya siku ile. Mwenzake mmoja aliyepokea linki alikuwa na iPhone, ambako kanzidata huitwa ChatStorage.sqlite na utambulisho hukaa kwenye safu ya ZSTANZAID. Tulipoisoma kwa ridhaa yake, utambulisho ulikuwa uleule, herufi kwa herufi.

Hilo peke yake sikulitegemea. 3EB0 inakuonyesha aina ya programu, haikuonyeshi nani kakaa mbele yake. Angeweza kuwa ni yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisini. Ilibidi nijue kivinjari kile kiliunganishwa lini, na kwa nini.

Kazi ya muda ndiyo iliyonichosha kuliko zote, kwa sababu kila programu huhesabu kuanzia tarehe yake. WhatsApp ya Android huhesabu milisekunde tangu 1 Januari 1970, kwa hiyo 1700000000000 ni tarehe 14 Novemba 2023, saa 22:13:20 kwa UTC, ile saa ya marejeo ya dunia nzima. Ile ya iPhone huhesabu sekunde tangu 1 Januari 2001. Historia ya Chrome huhesabu maikrosekunde tangu 1 Januari 1601. Ukichanganya, unapata ujumbe uliotumwa karne kadhaa kabla ya simu kubuniwa, na hapo angalau utashtuka. Hatari zaidi ni tofauti ya saa chache za kanda za muda, ambayo haishtui mtu. Niligeuza kila kitu kuwa UTC kabla ya kulinganisha chochote.

Mfuatano ukakaa sawa. Kwanza barua pepe iliyomwita afungue waraka. Kisha, kwenye historia ya Chrome, tovuti iliyo kwenye barua hiyo. Dakika moja na ushee baadaye, kwenye companion_devices.db, faili ambamo WhatsApp huorodhesha vifaa vilivyounganishwa, kivinjari kipya kinaunganishwa. Halafu linki inamwagika kwenye magrupu, na ujumbe unafutwa upande wake, jambo ambalo kifaa kilichounganishwa kinaweza kulifanya na simu ikafuata.

Nilipomuuliza alikumbuka mara moja. Tovuti ilimtaka namba ya simu, ikampa msimbo wa herufi na tarakimu nane, ikamwambia auingize WhatsApp ili waraka ufunguke. Huo ndio msimbo halali wa kuunganisha kifaa kwa namba ya simu. Mlaghai aliuomba kwa WhatsApp yenyewe, akamwonyesha mwenye simu, naye akamfungulia mlango kwa mkono wake. Hakuna nywila iliyoibwa wala programu ya kijasusi.

Barua pepe niliisoma kwa vichwa vyake, yaani taarifa za njia iliyopitia, mistari ya Received kuanzia chini kwenda juu. SPF na DKIM ni vipimo vya kuhakiki mtumaji: SPF ilipita, DKIM ikapita, na fundi wa pale akaniambia basi ni halali. Hapana. Vipimo hivyo vinasema kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa, yaani lile jina la anwani linalofuata alama ya @. Mlaghai akisajili kikoa chake na kukipanga vizuri, vitapita vyote. Kwenye kumbukumbu za wazi za vyeti vya usalama vya tovuti, ambazo yeyote anaweza kuzisoma, nilikuta cheti cha kwanza cha tovuti ile kimetolewa siku mbili kabla ya barua kutumwa. Chrome hudai cheti kiwemo kwenye kumbukumbu hizo ikiwa kimetolewa baada ya 30 Aprili 2018, kwa hiyo tovuti ya ulaghai yenye https huacha pia tarehe yake ya kuzaliwa.

Kwenye ripoti sikuandika jina la mlaghai. Anwani ya IP ya kivinjari kile, yaani namba yake ya mtandaoni, iko kwa kampuni yenye huduma, na inaombwa kwa njia ya kisheria. Nilichoandika ni kwamba ujumbe haukutungwa kwenye simu ile, na kwamba kifaa kilichoutuma kiliunganishwa mara tu baada ya mwenyewe kutembelea tovuti ya ulaghai.

Mwanasheria wa kampuni aliuliza swali moja zuri: je, mwenye simu hangeweza kuichezea kanzidata yake ajisafishe? Nikamfungulia safu mbili sambamba, ya Android na ya iPhone. Utambulisho ule wa 3EB0 ulikuwa umelala pia kwenye simu ambayo mshitakiwa hajawahi kuishika. Barua ya kumsimamisha haikusainiwa.