Mashine haioni nikeli, mjomba

Kila nikirudi nyumbani mjomba ananiuliza swali lile lile, eti hiyo mashine yenu mkiiwasha si inaonyesha nikeli ilipo? Haionyeshi mjomba. Ingekuwa inaonyesha nisingekuwa nashinda porini Ngara na panga nafyeka njia ya waya toka alfajiri.

Iko hivi. Tunatandaza waya chini, mraba wa kama mita 200 kwa 200, unapita kwenye migomba ya watu (tukishaongea nao lakini), unashuka korongoni, jenereta inapeleka umeme halafu unakatwa ghafla. Ukishakatwa, kama chini kuna kitu kinachopitisha umeme vizuri, kinabaki na kaumeme kake kanazunguka na kufifia taratibu, na sisi huku juu tunakasikilizia kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mwamba wa kawaida unanyamaza mapema. Salfaidi iliyoshikana, yaani madini ya metali na salfa ambamo nikeli hukaa, kama ile ya Kabanga huko huko Ngara, inachelewa kunyamaza. Mvua za radi zikianza hapo hamna kazi, radi ya mbali tu inavuruga vipimo vyote mnakunja waya.

Halafu kuna anayepita na kipima sumaku, maana pirotaiti, madini ya chuma na salfa ambayo hukaa pamoja na madini ya nikeli, ina usumaku. Huyo simu anaacha, funguo anaacha, mkanda wenye chuma anavua, suruali kafunga na kamba, mtamcheka mpaka mchoke.

Sasa balaa lenyewe ni kinywe, ile grafiti nyeusi ya kwenye penseli. Nacho kinapitisha umeme vizuri tu na miamba ya kule inacho. Kuna sehemu tulipima wiki tatu, kwenye kompyuta linaonekana bonge la kitu, watu wakaanza kupigiana simu, wachorongaji, wale wa kutoboa mwamba, wakaja. Ikatoka miamba myeusi tii, nikapitisha kidole kikawa kama nimeshika chini ya sufuria ya kuni. Bosi hakusema neno, akaenda kukaa kwenye gari.

Ila shimo likikosa bado lina kazi. Tukashusha kipimo humo humo ndani, kinasikiliza pembeni, na kwenye mita 300 hivi kikaonyesha kuna kitu kingine upande wa mashariki ambacho shimo lilikipita bila kukigusa. Inaweza kuwa kinywe tena, sikatai. Shimo la pili wameanza juzi, jana jioni walikuwa mita 180, mi niko likizo hapa kwa mjomba nachungulia simu kila saa.