Nilivyoita fankisheni za C kutoka Fortran, zinazotofautiana kwa herufi kubwa tu

Nilipewa kazi ya kuunganisha programu ya zamani ya Fortran na laibrari ya C, na hiyo laibrari ina fankisheni mbili, moja initGrid nyingine InitGrid. Ndo hivyo, mbili tofauti kabisa, aliyeziandika sijui alikuwa anawaza nini. Kwa C ni halali, ila Fortran haijali kubwa wala ndogo, kwake hilo ni jina moja tu.

Ukikompaili kawaida linka (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) inagoma, inalalamika haioni initgrid_. Nikapiga nm (komandi inayoorodhesha majina yaliyomo) kwenye faili la .o lililotoka kwa kompaila nikaona kila kitu: gfortran, kompaila yangu ya Fortran, imeshusha herufi zote halafu ikabandika kistari cha chini mwishoni. Na wala haijavunja sheria, standadi ya Fortran haisemi jina la kawaida la nje lifike vipi kwa linka, kila kompaila inajiamulia, mfano ifort, kompaila ya zamani ya Intel, kwa Linux inafanya hivyohivyo ila kwa Windows inapandisha zote kuwa kubwa na kistari haiweki. Ndo maana kodi za zamani zimejaa #ifdef (masharti ya kuchagua mistari ipi ikompailiwe) za kila kompaila, inachosha kweli. Kuna flagi ya -fno-underscoring ila inaondoa kistari tu, herufi zinabaki ndogo, na ukiiwasha, LAPACK (laibrari ya hesabu za matriksi) uliyokompaili bila hiyo flagi nayo inakataa kulinkika.

Kilichonitoa ni bind(C), inayoiambia Fortran ifuate utaratibu wa C, iliyokuja na Fortran 2003. Ndani ya interface (sehemu ya kutangaza fankisheni za nje) nikaandika hivi:

subroutine gridi_a(n) bind(C, name="initGrid")

ya pili nikaiita gridi_b, yenye name="InitGrid". Upande wa Fortran majina yanatofautiana, na kilicho ndani ya nukuu kinapita kilivyo, herufi kwa herufi. Ukiacha name ukaweka bind(C) peke yake jina linashushwa lote kuwa herufi ndogo, kwa hiyo umerudi kulekule.

Halafu interface haioni vitu vya nje yake, ile use iso_c_binding (moduli yenye aina za C kama c_int) uliyoweka juu haiingii humo, rudia ndani au weka import. Na hiyo n iandike integer(c_int), value kama C inapokea int ya kawaida, bila value Fortran inatuma anwani, linka haitasema kitu ila gridi yako itakuwa na saizi ya ajabu.

Kodi hiyohiyo nikaikompaili kwa ifort bila kugusa mstari, ikalinki.