Daraja la 1 Si Saa 1: Nilivyopata Ukuta wa Kuzuia Moto Langoni

Jiko letu hapa mtaa wa Langoni liko ghorofani, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za mawe hapa Lamu, na kati yake na chumba cha wageni wazee waliweka kizigeu cha plaiwudi. Watu wa bima walitaka kizigeu hicho kistahimili moto kwa dakika 60. Muuzaji mmoja wa Mombasa aliniuzia rangi ya kukinza moto, akanionyesha cheti cha kipimo cha Uingereza, BS 476 sehemu ya 7, kilichoandikwa "Daraja la 1", kisha akanihakikishia kwamba daraja la 1 maana yake ni saa 1. Nililipa elfu ishirini na kitu, mbali na gharama ya kuivusha kutoka Mokowe, upande wa bara.

Fundi wangu, ambaye amejenga tangu sijazaliwa, aliitazama ile rangi akasema, "Mwanangu, kijaribu kwanza kipande."

Nilikata plaiwudi ya milimita 12, kubwa kama sinia, nikaipaka rangi mara tatu, nikailaza juu ya seredani yenye makaa yaliyokolea, upande wa rangi ukiwa chini, na juu yake nikaweka pamba kavu. Rangi iliumuka kama kitumbua ndani ya mafuta, na moto haukutambaa hata kidogo. Nilifurahi. Kisha pamba ikaanza kugeuka rangi ya chai, ikawa kahawia, ukatokea mduara mweusi katikati ya ubao, na kabla dakika ishirini hazijatimia niliyaona makaa kupitia tundu.

Hapo ndipo nilipokisoma cheti kwa makini. Sehemu ya 7 hupima mwali unavyotambaa juu ya uso wa kitu: daraja la 1 hupewa kitu ambacho mwali wake haukupita milimita 165 katika dakika 10. Haipimi kabisa kama moto utapenya upande wa pili. Ustahimilivu wa ukuta hupimwa kwa tanuri, ambalo katika dakika ya 60 hufikia takriban nyuzi 945 za Selsiasi. Ukuta usipasuke wala kupitisha mwali, na upande usio na moto joto lake la wastani lisipande zaidi ya nyuzi 140. Muuzaji yule alichanganya vipimo viwili visivyohusiana, na jambo hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu wageni wangekuja kulala nyuma ya ubao ule.

Nilitaka ukuta wa matofali, fundi akakataa, kwa kuwa sakafu yetu imelala juu ya boriti za mikoko na hapakuwa na ukuta chini yake wa kubeba uzito huo. Tulisimamisha fremu ya chuma na kuifunika pande zote mbili kwa mbao za jasi za milimita 15, zile za kukinza moto. Jasi ina maji ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na maji hayo hayana budi kuwa mvuke kwanza kabla joto halijapenya. Kilichotuchosha zaidi ni tundu la ukubwa wa ngumi ambalo fundi wa umeme alilitoboa kwa ajili ya waya mmoja. Mkaguzi alilimulika kwa tochi kabla ya kutazama kitu kingine chochote, akakataa kutia saini mpaka tulipoliziba kwa lipu ya jasi hadi ndani.

Rangi iliyobaki sikuitupa. Niliipaka kwenye mbao zilizofunika kuta za ngazi, njia pekee ya wageni kushukia, mahali ambapo moto ukitambaa haraka utawatangulia mlangoni.