Siku ya Kazi Mbozi, Nchi Niliyowahi Kuishi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baridi ya Mbeya mwezi wa Juni huingia hadi kwenye mifupa, na hilo halijabadilika tangu enzi nilipoishi hapa kama bibi shamba kutoka Kenya, nikiwahudumia wakulima wa kahawa. Sasa nimerudi kwa kazi ya muda mfupi. Kampuni inayoniajiri Nairobi inafikiria kununua kahawa ya Mbozi, nami nimetumwa kutazama jinsi zao linavyoshughulikiwa tangu linapochumwa. Ninakunywa chai ya tangawizi kwa chapati, kisha ninampigia dereva simu.

Saa kumi na mbili na nusu tunashika barabara ya Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo yamefuatana kwa msururu mrefu, na kuanzia upande wa Uyole barabara inapanuliwa kuwa ya njia nne. Baada ya Mbalizi tunaupita Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012. Nilipokuwa mkazi, kuja huku kutoka Dar es Salaam kulimaanisha kushinda ndani ya basi mchana kutwa, zaidi ya kilomita 800. Hata Mbozi niliyoijua ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, ambao makao yake makuu ni Vwawa.

Saa tatu asubuhi tunafika kwenye chama cha msingi cha wakulima, na hapa ndipo nilipoitumia sehemu kubwa ya siku yangu. Mzee mmoja niliyezoeana naye zamani ananitambua kabla sijashuka garini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ulipotea! Kenya hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Wanawasalimu sana."

Ananiongoza moja kwa moja hadi kwenye mtambo. Akina mama wameketi juu ya turubai wakichambua matunda, mekundu upande mmoja, mabichi na yaliyokauka upande mwingine. Yaliyo mekundu yanamiminwa kwenye tangi la maji, na yanayoelea yanaenguliwa kwa chekeche, kwa kuwa tunda linaloelea mara nyingi lina punje pungufu au iliyotobolewa na mdudu. Yaliyozama yanaingia kwenye mashine ya kumenya, punje zinalazwa zichachuke hadi utelezi unaozizunguka ulegee, kisha zinaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja vya wavu. Jua linapokuwa kali vijana wanazifunika, ili ganda lisipasuke kwa kukauka haraka. Usiku wanazifunika tena kuzikinga na umande. Ninaingiza mkono chini ya tabaka la punje na kuzigeuza: hakuna harufu ya uvundo, wala punje nyeusi zilizojificha.

Anayeiona kazi hii kwa mara ya kwanza anaweza kuiona ya kawaida. Mimi ninakumbuka kaya baada ya kaya zikimenya kwa mashine ndogo ya mkono na kuanika popote palipopatikana nafasi, hata chini, hivi kwamba gunia moja lilibeba kahawa nzuri na kahawa iliyochacha kupita kiasi. Ninakumbuka pia wakulima waliouza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto alikuwa akiumwa. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na wanunuzi waliokuwa wakizunguka vijijini wakazuiwa kununua moja kwa moja kutoka kwa mkulima. Ninauona utaratibu huu kuwa na nguvu kubwa kuliko ule wa zamani, ingawa mzigo wake upo. Mama mmoja kwenye turubai ananiambia waziwazi kwamba malipo yakichelewa, ada ya shule haichelewi.

Saa saba tunakula wali, maharage na parachichi.

Katibu wa chama ni binti niliyemwacha akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, akimsaidia baba yake kubeba ndoo za kahawa. Leo ananionyesha daftari la mapokezi lenye kilo za kila mkulima, kisha ananiuliza jinsi Ruiru 11 na Batian, aina za kahawa za Kenya, zinavyofanya kwetu. Yeye amepanda miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanzishwa mwaka 2001, inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikieleza na wao wakiandika. Leo kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nilifurahi kwa moyo wote.

Saa tisa alasiri ninaonja sampuli. Ninasaga kahawa, ninanusa unga mkavu, ninamimina maji ya moto na kusubiri dakika nne kabla ya kuvunja utando wa juu kwa kijiko. Vikombe vinavyofuatana vinatoa uchachu safi na utamu unaodumu ulimini. Kikombe kimoja kina ladha ya udongo, nami ninaandika namba yake ili ichunguzwe ilianikwa kichanja gani.

Saa kumi na mbili jioni tumerudi mjini. Soko la Mwanjelwa, lililoungua mwaka 2006, nililiacha likiwa eneo la ujenzi; sasa ni jengo la ghorofa, na bajaji zimejaa hadi eneo la jirani la Mafiati.

Saa tatu usiku ninaandika ripoti. Ninapendekeza tushiriki kwenye mnada wa kahawa msimu huu, na tutoe bei ya juu kwa kahawa ya vichanja. Nimeongeza ombi moja ambalo sikutumwa kulileta: tukishinda, kampuni ilipe mara tu hati zinapokamilika, ili chama nacho kiwalipe wakulima wake kabla shule hazijafunguliwa.