Ua la Manjano Kwenye Kinamasi cha Mlima Kenya

Wengi wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hukilaani kile kinamasi cha mteremkoni ambacho wapandaji hukiita Vertical Bog. Mimi ndicho kilichonipandisha. Nilitaka kuliona Ranunculus oreophytus, ua dogo la milima mirefu ya Afrika Mashariki linalopenda mahali pasipokauka.

Tuliondoka kambi ya Met Station, mita 3,050, giza bado halijaisha. Msitu ulipokoma, ardhi ikaanza kunyonya buti. Huko mizizi na majani yaliyokufa huyashika maji papo hapo mteremkoni, na kwa kuwa baridi huchelewesha uozo, tope halina haja ya mvua ya jana.

Wenzangu walikuwa wakitazama juu, kwenye milobelia mirefu na vilele. Nikainama. Kando ya kijito, katikati ya vishungi vya nyasi, ua la manjano lilikuwa limekaa juu ya udongo kabisa, shina halionekani. Majani yake yaliyochanikachanika yalikuwa yametandazwa duara, yamebana ardhi. Huku juu baridi ya kugandisha huja usiku, mchana jua likachoma. Mmea uliojibana chini huukwepa upepo na kufaidi joto la udongo.

Nililala kifudifudi nilitazame vizuri. Petali zinang'aa kama zimepakwa samli. Mng'ao huo wa akina Ranunculus hutokana na ngozi nyororo ya petali iliyojaa rangi ya manjano, na chini yake tabaka jembamba la hewa linalorudisha mwanga. Uzuri huo wote una ulinzi: majani yakipondwa hutoa kemikali inayowasha ngozi.

Kilichoniuma ni njia yenyewe. Kila anayekwepa tope hukanyaga pembeni, na pembeni ndipo maua haya yalipo. Mahali pengine njia ilikuwa imetanuka ikawa uwanja mweusi usio na jani hata moja. Kiongozi wetu alimwona mwenzetu akianza kuzunguka, akamwita: "Kaka, pita katikati. Buti litakauka." Akapita, tope hadi kwenye vifundo, nasi nyuma yake.

Tuliyakuta tena maua hayo katika Bonde la Teleki, karibu na Kambi ya Mackinder, kama mita 4,200. Usiku wenzangu walitoka kuelekea kilele cha Lenana. Mimi nilibaki kambini. Asubuhi nilikuwa na ukingo mzima wa kijito wa kukagua.