Nilivyopata alama ya TBS kwa unga wangu wa lishe

Unga ninaosaga hapa Uyole, Mbeya, ni wa mahindi, soya na karanga, na wanunuzi wangu wakubwa ni kina mama wanaoanza kumpa mtoto uji. Kwa hiyo nilitaka alama ya ubora kabla duka lolote halijanidai alama hiyo.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, sasa ni TMDA, inashughulikia dawa na vifaa tiba. Nilianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, ambayo humwezesha mjasiriamali mdogo kupimiwa bila malipo. Makaratasi hayakunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye karanga.

Karanga na mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu huo. Haionekani kwa macho, na kuchemsha uji hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watoto wakiwemo. Sumu ya namna hiyo mama hawezi kuigundua jikoni kwake. Lazima awepo wa kumpimia.

Niliacha karanga zilizokwisha kubanguliwa, kwa sababu wengine huzilowesha ili maganda yalainike, na unyevu huo ndio ukungu unaoutaka. Sasa nanunua zenye maganda kwa mama mmoja wa Mbozi. Mwanzoni aliniuliza, “Mwanangu, bila turubai nitaanika wapi kama si chini?” Nikamnunulia turubai.

Mahindi nayapima ukavu kwa chumvi: natia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, natikisa, natulia kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudi juani. Karanga tunachambua kwa mkono, tukitoa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, na nyingine napasua katikati, maana ukungu wa kijani hujificha ndani kwenye kiini.

Mkaguzi alipokuja alitazama chaga, maji, choo na lebo, akachukua sampuli kupeleka maabara. Kisha akauliza, “Dada, zile mbovu unazipeleka wapi?” Swali hilo nililipenda kuliko yote. Majirani huziomba kwa ajili ya ng’ombe, nami nawakatalia na kuwaeleza kuwa sumu hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto walewale.

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri, leseni ya kutumia alama nikapewa. Karanga mbovu bado nazifukia mwenyewe.